Kuufuata Kiwira mpaka Ngozi

Nyuma ya mlango wa jiko la shangazi yangu, kule Kyela, kuna kopo la rangi lililojaa mawe. Ukilinyanyua unashtuka, maana mkono ulishajiandaa kwa uzito ambao haupo. Mawe yenyewe ni ya kijivu kinachoelekea njano, yana vitundu vidogo vidogo kama sifongo, na ukiyatia kwenye ndoo ya maji yanaelea. Shangazi huyaokota kila mwaka mafuriko yakishapungua, kwenye majaruba yake ya mpunga. Yaliyo bapa anayaweka bafuni ya kusugulia visigino, mengine anawagawia majirani.

Mwishoni mwa Mei nilikwenda kumsalimia, nikamkuta barazani anayaanika. Nikamwuliza yanatoka wapi.

"Yanaletwa na Kiwira."

"Na Kiwira unayatoa wapi?"

Akaligeuzageuza alilokuwa amelishika. "Huko juu."

Ana miaka 64. Amezaliwa kando ya mto huo, ameolewa kando yake, amezika watu wake kando yake. Huko juu amepita mara nyingi ndani ya basi, akienda hospitali Mbeya au msibani, mzigo mapajani. Kushuka hajawahi. Na mimi ninayefanya kazi Mbeya miaka yote hii, ninayeipita barabara ile kila Krismasi, nami sikuwahi. Kaka alikuwa likizo na gari lake lipo, mpunga ulikuwa umeshavunwa na kuanikwa. Jumamosi alfajiri tukaondoka kuufuata mto kwenda juu, mpaka Ziwa Ngozi kwenye milima ya Poroto.

Wengi wanaokwenda Ziwa Ngozi huanzia Mbeya mjini. Wanapita Uyole, wanapanda Isyonje, wanafika, wanapiga picha, jioni wamerudi. Ni safari nzuri. Lakini baada ya siku ile nimekuwa mtu wa kumwambia kila anayeniuliza: kama una siku mbili, anzia chini. Anzia kule mto unakoishia, kisha upande nao.

Kwa hiyo kabla ya kuligeuzia gari barabarani, shangazi alitupeleka kwanza mtoni kwa miguu. Kiwira wa Kyela ni mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na unakwenda kama mzee anayetoka sokoni. Ziwa Nyasa haliko mbali, na nchi ni tambarare kabisa: mpunga, kakao, michikichi, miembe. Shangazi alisimama ukingoni akanyoosha mkono kuelekea katikati ya maji. "Pale," akasema, "ndipo palikuwa nyumba ya baba." Nilifikiri ananionyesha ng'ambo. Hapana, alikuwa anaonyesha mtoni hasa. Kiwira, kama ilivyo kwa Songwe, Mbaka na Lufilyo, huhamahama ikishafika tambarare. Mvua za Machi na Aprili zikikolea milimani, mto unashuka na mchanga mweusi, unajaza njia yake wenyewe, halafu unatafuta nyingine. Unabomoa ukingo huu na kuumwaga ng'ambo. Shangazi hausemi mto huo kwa chuki. Ardhi inayomlisha ni hiyo hiyo iliyoletwa na maji, na mpunga wa Kyela unaosifiwa nchi nzima unaota kwenye udongo wa milima ya watu wengine.

Lami inaanza kupanda taratibu. Kutoka usawa wa Ziwa Nyasa, kama mita 475 juu ya bahari, mpaka Tukuyu iliyo karibu mita 1,500, ni mwendo wa saa moja na ushee tu, lakini masikio yanaziba na hewa inabadilika mara kadhaa. Michikichi inaisha, migomba inazidi. Miguu ya vilima inafunikwa na chai, ile kijani ya kukatwa sawasawa kama zulia. Mto huuoni. Uko bondeni upande wa magharibi, umejichimbia chini, unaujua tu kwa mstari wa ukungu unaoufuata asubuhi. Shangazi alikuwa ameketi mbele. Kila tulipopita daraja dogo aliuliza, "Na huu unakwenda wapi?" na kaka akajibu hivyo hivyo kila mara: "Unashuka, shangazi." Nusu njia akafungua mkoba akatoa sweta.

Tukuyu tulikunywa chai, mvua ikanyesha, ikaacha, ikanyesha tena. Hii ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na wenyeji wanaishi nayo kama mtu anavyoishi na ndugu mzungumzaji. Wajerumani walipofanya mji huu makao yao ya wilaya waliuita Neu Langenburg. Jina likafa, boma likabaki. Kutoka hapa ungeweza kukata kwenda Masoko, kwenye ziwa dogo la kreta, yaani lililojaa shimo la volkano, lenye boma jingine la mawe pembeni yake, ambako inasemekana Wajerumani walitupa mali zao majini vitani. Watu wanazungumzia dhahabu. Mimi kinachonivuta Masoko ni tope: watafiti walitoboa chini ya ziwa lile wakatoa mchanga na majivu yaliyojipanga tabaka kwa tabaka kwa zaidi ya miaka 40,000, na humo wanasoma mvua na ukame wa nchi hii tangu kabla ya yeyote kuandika chochote. Siku ile hatukwenda. Mto ulikuwa unatungoja.

Kilomita chache mbele ya Tukuyu kuna mahali kilima kimekatwa kupisha barabara. Nimepita hapo sijui mara ngapi. Shangazi akamgusa kaka bega. "Simama."

Alishuka, akavuka mtaro akiwa amekunja kitenge, akasogea mpaka uso wake ukawa shubiri moja kutoka kwenye ukuta wa udongo. Juu kulikuwa na udongo mweusi wenye mizizi. Chini, udongo mwekundu uliokomaa. Katikati, mkanda wa rangi ya uji, umekwenda sawa kama umechorwa kwa rula, ukifuata mteremko wa kilima. Akaingiza ukucha, akachokonoa, jiwe likadondoka kiganjani. Akalifuta kwa kidole gumba. Akalipima, mkono ukipanda na kushuka. Kisha akalitemea mate kidogo na kulisugua kwenye kiganja, kama anavyofanya nyumbani kulijaribu.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Haya hapa."

Wanajiolojia wanaliita jiwe hilo pumisi. Kwa kweli ni povu. Mwamba ulioyeyuka ukiwa chini sana umebanwa, gesi imejificha ndani yake kama ilivyojificha kwenye chupa ya soda iliyofungwa. Ukipata njia ya ghafla kuja juu, gesi inafumuka yote kwa pamoja, mwamba unaumuka, unarushwa angani na kuganda kabla povu halijatulia. Mlima Rungwe, ule unaosimama juu ya Tukuyu, wenye kimo cha mita 2,960 hivi juu ya bahari na ambao siku nyingi unajifunika mawingu, ulifanya hivyo miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Mawe yalinyesha nchi nzima hii, mashariki na magharibi, na mkanda ule wa rangi ya uji ndio siku yenyewe, au siku chache zenyewe, zimehifadhiwa ukutani. Mvua inaukata mkanda, vijito vinayachukua mawe, Kiwira unayapokea. Na kwa kuwa yanaelea, yanafika mbali kuliko mchanga, mpaka kwenye jaruba la shangazi.

Kaka aliongeza jambo ambalo nililijua lakini sikuwa nimewahi kuliunganisha: hata leo ardhi ya Rungwe inapumua. Kuna mahali kaboni dioksidi inatoka ardhini, inavunwa na kujazwa kwenye mitungi kwa ajili ya viwanda vya vinywaji. Shangazi alisikiliza yote, akalifunga jiwe kwenye pindo la kitenge, akapanda gari.

Tuliacha lami kati ya Tukuyu na Kiwira mjini, tukashika njia ya udongo kuelekea magharibi. Migomba ilikuwa mingi pande zote kiasi kwamba mwanga ulikuwa wa kijani hata ndani ya gari. Kisha tukausikia mto kabla ya kuuona, na haukuwa mto ule wa Kyela. Huyu alikuwa kijana. Ulikuwa unapiga kelele.

Daraja la Mungu ni mwamba mweusi uliolala juu ya mto kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna aliyeujenga. Lava ilishuka kutoka mlimani, ikaziba bonde, ikapoa na kuwa basalti. Maji hayakurudi nyuma. Yalitafuta udhaifu chini yake, yakautafuna, yakapita, na sehemu ya juu ikabaki kama dari. Sasa imeota nyasi na majani mapana, na watu wa vijiji vya jirani waliitumia kuvukia tangu zamani, kabla saruji haijafika. Ukisimama chini ukingoni ukatazama ule upinde, unaona mawe yalivyopangana, mengine yamening'inia kama meno, maji yakidondoka kutoka juu moja moja wakati mto wenyewe unapita kwa nguvu katikati. Ubaridi unakupiga kifuani. Niliweka kiganja kwenye mwamba. Ulikuwa umelowa na una vitundu, kama mawe ya shangazi, isipokuwa huu mzito na mweusi.

Mama mmoja alikuwa anapita na mkungu wa ndizi kichwani. Shangazi akamsalimia, "Ugonile!" Yule akasimama, akaitikia, akauliza tunatoka wapi. Aliposikia Kyela akacheka kwa furaha. "Basi sisi tunawaletea maji," akasema. Shangazi naye, "Mnatuletea na mchanga." Wakaongea Kinyakyusa muda mrefu kuhusu mvua ya mwaka huu, mwingine akiieleza kutoka juu na mwingine kutoka chini, kama watu wawili waliomwona mgonjwa mmoja kwa nyakati tofauti. Walipoagana ilikuwa "ndaga fijo", asante sana, mara tatu kila upande.

Kijungu tulifika kwa kupitia eneo la chuo cha Magereza, tukajitambulisha getini kama inavyotakiwa. Hapo mto unabanwa kwenye mwamba, unaangukia kwenye shimo la mviringo kama chungu, unazunguka, na maji yanazama chini ya jiwe kutokea mbele. Nilitazama jani la mgomba likiingia. Lilizunguka mara nne, likasimama wima kama mtu anayeitwa, likazama. Tulisubiri upande wa chini. Halikutoka. Tafadhali, ukienda na watoto washike mikono, wala usisogelee ukingo kwa ajili ya picha. Jiwe linateleza na maji hayarudishi.

Kiwira mjini tulipita haraka. Soko la ndizi lilikuwa limefurika, malori yanapakia ya kwenda Dar es Salaam, tukanunua mzuzu tukaendelea. Ila darajani shangazi aliomba tupunguze mwendo. Mto hapa umeshakuwa mdogo, mawe yanaonekana chini. Kuna mradi wa kuyachukua maji ya Kiwira kuyapeleka Jiji la Mbeya, nikamweleza. Akauliza swali ambalo ningependa kila mhandisi aulizwe na mkulima wa Kyela: "Na kiangazi watatubakizia?"

Upande wa kulia tulikuwa na Rungwe, na kwa dakika kama kumi mawingu yalifunguka tukauona msitu wake. Humo mwaka 2003 watafiti walimwona tumbili ambaye sayansi haikuwa na jina lake, wakamtangaza mwaka 2005. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake siku zote: kipunji. Mwaka 2006 wataalamu walimpa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, jambo ambalo kwa nyani na tumbili wa Afrika lilikuwa halijatokea kwa miongo mingi. Anaishi katika misitu hii na sehemu ndogo ya Udzungwa, basi. Hatukumwona, wala sikutegemea kumwona barabarani.

Ukishapita Kiwira unaingia nchi ya Poroto, na hapo hata mazao yanakuambia umepanda. Viazi mviringo, kabichi, pareto yenye maua meupe. Lugha barabarani inakuwa Kisafwa. Kwenye kibao cha Ngozi tukakata, tukampata mwongozaji, kijana mpole mwenye mabuti ya mpira, tukaendelea na gari mpaka tope lilipotukatalia. Vijana waliokuwa wanapalilia viazi waliacha majembe wakaja kusukuma. Ilikuwa bure, gari lilikuwa limezama mpaka ekseli. Tukaliacha, wakasema watalitazama, na walilitazama.

Kabla ya msitu kuna kijito. Upana wake hatua moja. Maji safi kabisa, yanapita juu ya changarawe nyeusi, na pembeni kabisa kwenye nyasi kulikuwa na pumisi mbili ndogo zimekwama.

"Mwanangu," shangazi akamwuliza mwongozaji, "hiki kinaitwaje?"

"Hiki kijito tu, mama. Hakina jina kubwa. Kinaingia Kiwira."

Alivua kandambili. Akaingia, mguu mmoja, kisha wa pili, akasimama katikati na maji hayakumfika vifundoni. Akainama akanawa uso. Mto uliochukua nyumba ya baba yake ulikuwa unapita kati ya vidole vyake vya miguu. Hakusema kitu na sisi hatukusema. Kaka aliangalia pembeni.

Msitu wa Poroto ni mnene, wenye giza mchana. Migomba pori inasimama na majani mapana kuliko mlango, makangaga marefu kupita mtu, miti imevaa kuvumwani kama sufi. Njia inapanda bila huruma. Mwongozaji alikuwa akimshika shangazi mkono penye utelezi, "Mama, weka mguu kwenye mzizi huu, usiukanyage huo," naye akapanda kwa mwendo wa shambani, polepole bila kusimama. Juu yetu mbega walikuwa wanaruka, manyoya meupe yakipepea. Kilichoniuma ni chupa za plastiki. Kila mahali pa kupumzikia zilikuwepo, nyingine zimefukiwa nusu. Watu wanabeba maji kupanda, chupa tupu inawashinda kushusha. Tulizikusanya tulizoweza kwenye mfuko wa ndizi.

Halafu miti ikaisha mbele yetu na hakukuwa na kitu, ila ukungu mweupe.

Tulikaa ukingoni, mwongozaji akasema tusubiri. Baada ya kama robo saa upepo ukaukamata ukungu kwa chini, ukauinua, na Ngozi likatokea kipande kwa kipande: kwanza ukuta wa ng'ambo, kijani, wima, kisha ufuko mwembamba, kisha maji. Rangi yake sijui niifananishe na nini. Kijani cha maziwa, kama jiwe lililosagwa. Kuta zinashuka mita 200 hivi mpaka majini, na ziwa limelala huko chini, urefu wa kilomita 2.5, upana 1.6, kina zaidi ya mita 70. Huhesabiwa miongoni mwa maziwa makubwa ya kreta Afrika. Waongozaji wanapenda kukuonyesha kuwa lina umbo la ramani ya bara letu, na ukisimama mahali sahihi ni kweli.

Shimo hili ni mlima ulioporomoka ndani yake wenyewe baada ya kutapika ulichokuwa nacho. Watafiti wanaukadiria mlipuko wake wa mwisho kuwa na umri usiofika miaka 1,000, na moto haujazimika: maji ya ziwa yana chumvi, gesi inapenya kutoka chini, na Serikali kupitia kampuni ya jotoardhi, TGDC, inatafuta hapa mvuke wa kuzalisha umeme.

"Mto wake uko wapi?" shangazi akauliza.

Hakuna. Hilo ndilo lililonishika kuliko yote. Hakuna mto unaoingia Ngozi wala unaotoka. Mvua inadondoka ndani, jua linachukua sehemu yake, ardhi inakunywa nyingine, basi. Tangu asubuhi tulikuwa tumeandamana na maji yasiyotulia, yanayokata mwamba, yanayobeba mlima kipande kwa kipande mpaka ziwani Nyasa. Na juu kabisa, tukakuta maji yaliyokaa.

Shangazi alifungua pindo la kitenge akatoa jiwe lake. Akamwuliza mwongozaji kama ni vibaya kulitupa. Kijana akatafakari. Wazee, akasema, hawapendi watu watupe vitu ziwani. Shangazi akaitika kwa heshima, akalifunga tena.

Mvua ikaanza, nyepesi, kisha nzito. Mwongozaji akatuambia tushuke kabla njia haijawa tope. Lakini shangazi alikuwa bado amesimama kwenye ule mgongo mwembamba wa ukingo, anatazama mvua ikidondoka upande wa ziwa, kisha akageuka akatazama ikidondoka upande tuliotokea, matone yakikusanyika kwenye njia, yakitafuta mteremko kati ya mizizi.

"Hii ya huku inabaki," akasema. Akageuza kiganja upande wa pili. "Hii ni yetu."

Akaanza kuhesabu kwa vidole ni siku ngapi itafika Kyela.